Fundi Anajibu: Winchester ya 1885 inakula baruti kiasi gani?

Safari hii barua nyingi zimekuja juu ya bunduki za kizamani, sijui ni msimu wa mnada au ni nini, basi nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa maana huyu bwana ameuliza swali ambalo likijibiwa vibaya mtu anapoteza jicho.

*Shikamoo fundi. Niko Columbus, Ohio. Nimenunua bunduki kwenye mnada wa vitu vya mzee mmoja marehemu, ni Winchester modeli 1885, ile ya risasi moja moja, mtutu umeandikwa 45-70, na duka la bunduki waliangalia namba wakasema ilitoka kiwandani kabla ya 1898. Nataka niende nayo kuwinda kulungu na nataka baruti nyeusi kama enzi zake. Jamaa mmoja kazini anasema nijaze greni 70 nifyatue basi. Mwingine anasema nitumie baruti ya kisasa ila niweke nusu. Nimsikilize nani? Na hiyo "nusu" ni sawa?*
Msomaji, Columbus

Marahaba mdogo wangu, na hongera, hiyo umeokota dhahabu. Huo mtambo aliuchora John Browning akiwa bado kijana wa Ogden kule Utah, akapewa hataza 1879, Winchester wakanunua haki zake 1883 na kuanza kuiuza 1885. Ni bunduki ya wawindaji hasa, bloku ya chuma inashuka chini ukivuta mkono wake wa chuma ulio chini, unaweka risasi moja, unapandisha, unalenga kwa akili maana ya pili haipo karibu.

Huyo wa "nusu" usimsikilize kabisa. Baruti ya kisasa, ile isiyo na moshi, haiwaki kama nyeusi, mgandamizo wake unapanda kwa namna nyingine, na ganda la 45-70 ni kubwa kwa hiyo ukiweka kidogo inabaki imelala chini na hewa juu yake, leo itawaka hivi kesho vile kutegemea umeinua mtutu au umeuinamisha. Halafu kuna hili ambalo watu hawalifikirii, kipimo kidogo kwenye ganda kubwa unaweza kukimimina mara mbili bila kujua na bado kikaingia vizuri. Baruti nyeusi haikuruhusu ujinga huo, ganda likijaa limejaa, kipimo cha pili kinamwagika mezani. Ndiyo, vipo vipimo vya baruti ya kisasa vilivyopimwa maabara na kuchapishwa kwa ajili ya 45-70 za zamani zenye chuma laini, lakini hivyo ni vipimo vya baruti fulani kwa jina lake na kichwa fulani cha risasi kwa uzito wake. "Nusu" siyo kipimo. Nusu ya nini?

Na ukiwa hapohapo, usiende dukani ukachukua boksi lolote lililoandikwa 45-70. Siku hizi kuna risasi zenye nguvu kubwa mno zinazotengenezwa kwa ajili ya bunduki mpya, zinaingia kwenye chemba yako bila shida yoyote, na hapo ndo ubaya wake.

Huyo wa greni 70 ana nusu ya ukweli. Jeshi la Marekani lilipoianzisha risasi hii 1873 ilikuwa kweli greni 70 za baruti, yaani kama gramu 4.5, na kichwa cha risasi cha greni 405, kama gramu 26. Jina lenyewe linakwambia, 45 ni upana na 70 ni baruti. Lakini maganda ya wakati ule yalikuwa membamba kitakoni, nafasi ndani ilikuwa kubwa. Ganda la leo lina kitako kinene cha shaba tupu, 70 zinaweza kuingia kwa kushindilia kwa nguvu tu, na kushindilia kwa nguvu siyo pa kuanzia.

Kabla ya baruti yenyewe, peleka bunduki kwa fundi anayejua za zamani, siyo yule wa kuuza bastola mpya. Aangalie bloku inafunga sawasawa au ina mchezo, pini ya kugonga fataki (kile kidude kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) haijalika, mtutu ndani hauna mashimo ya kutu karibu na chemba, na muhimu, asukume kipande cha risasi laini, ile madini, kutoka upande mmoja hadi mwingine ili mpime upana halisi wa mifereji ya ndani inayozungusha kichwa. Mitutu ya zamani haifanani, mwingine ni mpana kidogo kuliko kitabu kinavyosema, na ukinunua vichwa vyembamba kuliko mtutu wako vitatembea ovyo hata baruti iwe nzuri namna gani. Watu wanahangaika miezi na baruti kumbe tatizo ni kichwa.

Kichwa kiwe cha risasi laini. Mchanganyiko unaopendwa ni sehemu 1 ya bati kwa sehemu 20 za risasi, au hata 1 kwa 30. Baruti nyeusi inakipiga teke kwa nyuma, kinatanuka kidogo na kukamata mifereji, kikiwa kigumu hakitanuki. Mafuta ya kwenye kichwa yawe ya asili, nta ya nyuki na mafuta ya kondoo, wengine wanachanganya na mafuta ya zeituni. Grisi ya gari hapana! Mafuta yatokanayo na mafuta ghafi yakikutana na masizi ya baruti nyeusi yanageuka kitu kama lami na utakikwangua mpaka usiku.

Sasa baruti. Punje zake zinapimwa kwa herufi F, zikiwa nyingi punje ni ndogo na inawaka haraka. F moja ni mawe makubwa, FFFF ni vumbi la kuwashia bunduki za gumegume. Kwa 45-70 anza na FF, au ile ya Uswisi inayoandikwa 1½F ambayo watu wa shabaha wanaipenda sana. FFF iache kwanza. Ukipata baruti ya GOEX chukua, kiwanda chao Louisiana kilitangaziwa kufungwa 2021 tukadhani ndo basi, mwaka uliofuata wakanunuliwa na Estes, ndio haohao wa roketi ndogo zinazorushwa na watoto wa shule. Ila kopo la toleo moja na toleo lingine havilingani kabisa, ukibadilisha kopo rudi ukapime tena kwenye shabaha kabla ya kwenda porini. Na hizi baruti mbadala kama Pyrodex na Triple Seven zinapimwa kwa ujazo siyo kwa uzito, na Triple Seven ina nguvu zaidi, hata wenyewe wanashauri upunguze kama asilimia 15, kwa hiyo usihamishe namba kutoka huku kwenda kule. Kama unataka enzi zake, tumia nyeusi ya kweli.

Sheria kubwa ya baruti nyeusi ndani ya ganda: hewa isiwepo. Kati ya baruti na kitako cha kichwa pasibaki nafasi hata kidogo. Kwa hiyo hupangi kwa namba kwanza, unapanga kwa kimo. Chukua ganda lako, pima kichwa kitazama ndani kiasi gani, hapo utajua baruti inatakiwa ifike wapi. Mimina kupitia bomba jembamba la shaba la kama futi 2, taratibu, punje zinajipanga zenyewe unapata nafasi zaidi bila kushindilia. Juu yake weka kadibodi ya duara, nyembamba tu, inalinda kitako cha kichwa na moto. Halafu gandamiza kidogo, milimita moja na nusu hivi inatosha kuanzia, na ugandamize kwa chombo chake siyo kwa kichwa chenyewe, maana ni laini kitavimba tumbo. GOEX inapenda kugandamizwa zaidi, ya Uswisi inapenda kidogo.

Kwa ganda la kisasa na kichwa cha greni 405 hapo utajikuta uko kama greni 60, labda 62, gramu 4 kasoro au na kidogo. Anzia hapo. Tengeneza za kutosha kupiga makundi ya risasi tano tano kwenye shabaha, uone matundu yamekaribiana vipi, panda greni 2 kila kundi, ukifika karibu na 66 au 68 utaona unalazimisha, basi simama. Kitu kimoja tu kibadilike kwa wakati. Mtu anabadilisha baruti, fataki, mafuta na kichwa siku moja, kundi likija zuri hajui ashukuru nini.

Mimi maoni yangu, na najua kuna watakaonitukana, hiyo bunduki huitafutii nguvu. Nguvu yake ilishaamuliwa na waliochonga vilengeo vyake, kama vilengeo ni vyake vya asili, hesabu zake zote zinategemea kichwa kizito kinachotoka polepole, kama futi 1,300 kwa sekunde. Ukiongeza kasi unajiharibia mlengo na bega, kulungu hatajua tofauti. Unachotafuta ni kila risasi ifanane na mwenzake. Kundi dogo likitokea kwenye 62, hiyo 62 ndo chakula chake, usihangaike na 70 kwa sababu ya jina.

Sasa jambo linaloharibu makundi ya watu wengi kuliko baruti: masizi. Baruti nyeusi zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, inabaki kama moshi na uchafu, na siku kavu unakauka mtutuni mgumu kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Risasi ya kwanza inakwenda vizuri, ya nne inaanza kutawanyika, mtu anailaumu baruti. Kwa hiyo chagua utaratibu mmoja. Ama upitishe kitambaa chenye maji kila baada ya risasi halafu kikavu, ama upulize, yaani bloku iko wazi, bunduki tupu, unaweka bomba dogo kwenye chemba unapuliza pumzi ndefu kadhaa, unyevu wa pumzi unalainisha yale masizi. Utaratibu uliotumia kwenye shabaha ndio huohuo wa porini. Na porini risasi ya kwanza inatoka kwenye mtutu msafi, kwa hiyo jua inagonga wapi ile ya mtutu msafi, hiyo ndo ya maana kuliko kundi zima.

Ukivuta ikalia "tik" isifyatuke, usifungue. Mtutu uelekee kwenye shabaha, hesabu mpaka dakika ipite, ndo ushushe bloku.

Kuhusu kuwinda kwenyewe, Ohio tangu 2014 wanaruhusu bunduki za ganda lililonyooka kwa kulungu kwenye msimu wa bunduki, kuanzia upana wa inchi .357 hadi .50, na 45-70 imo, ila chukua kijitabu cha mwaka huo cha idara ya wanyamapori usome mwenyewe, sheria hubadilika. Sheria ya taifa ya 1968 inaitambua bunduki iliyotengenezwa 1898 kurudi nyuma kama ya kale, lakini majimbo yana yao, na kama karatasi zako za uhamiaji bado hazijakaa sawa ongea na wakili kwanza. Yadi 100 ndo mwisho wako. Ukiilenga kwa yadi 100 halafu ukapiga 200 risasi inaanguka kama futi 2, utaua majani.

Ah, na umeuliza mwishoni mwa barua, sikuichapa yote, kama unaweza kujitengenezea baruti nyumbani kwa sababu "ni vitu vitatu tu". Hapana, sikufundishi. Kopo la dukani linagharimu kidogo kuliko vidole, na ya nyumbani haifanani leo na kesho, tumetoka kusema kinachotafutwa ni kufanana.

*Fundi habari za kazi. Niko Songea. Babu mzaa baba ametuachia gobore, wazee wanasema ni la tangu vita ya Majimaji. Mdeki wake upo. Binamu yangu yuko Marekani anasema anaweza kunitumia baruti ya makopo kwa posta. Niliwekee kiasi gani nilijaribu?*
Mjukuu, Songea

Nzuri ndugu yangu. Kiasi gani? Sifuri.

Kwanza binamu asitume kitu. Posta ya Marekani haipokei baruti, ndege haipokei baruti kwenye begi, na wewe ukikutwa unapokea utalala ndani ukieleza habari za babu.

Pili, kabla ya chochote, hakikisha hilo gobore halijashindiliwa tayari. Usicheke, magobore ya urithi mengi yanakutwa na baruti na risasi ndani zilizowekwa na mtu aliyekwisha kuzikwa, na baruti nyeusi ikikaa kavu haichoki. Usiguse mtambo, usiweke fataki, mdomo wa mtutu usiuelekeze kwako wala kwa mtu. Ingiza mdeki polepole mpaka ugote, weka alama ya chaki pale mdomoni, utoe, ulaze kando ya mtutu kwa nje. Kama ncha haifiki pale penye tundu la moto, pungufu ya vidole kadhaa, kuna kitu ndani. Ukiona hivyo usijaribu kukitoa, liache lilipo, funga chumba, watoto wasiingie.

Tatu, kwa sheria ya Tanzania gobore ni silaha, linataka leseni kama bunduki nyingine, ukongwe hausamehe. Nenda kituo cha polisi mwenyewe kwanza bila kulibeba, uwaambie mmerithi na lipo mahali fulani, waje wao au wakuelekeze. Polisi wamekuwa wakitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, ulizia kama kuna kinachoendelea.

Kuhusu Majimaji inawezekana kabisa, wapiganaji wa 1905 hadi 1907 walikuwa na magobore. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kujaza nyuma, zile kuukuu zao zilimwagwa Afrika, nyingi zilipita Unguja. Halafu 1890 wakubwa walikaa Brussels wakakubaliana bunduki za kisasa zizuiwe kuingia huku ila za gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida ziendelee, kwa hiyo wazee wetu waliachiwa makusudi zana za kizamani. Cha kuchekesha ni kwamba hata askari wa Mjerumani mwaka 1914 wengi wao walikuwa bado na bunduki ya Mauser ya 1871 inayotumia baruti nyeusi, wakifyatua wingu la moshi linawaonyesha walipo.

Lakini angalia pia mtutu. Kama ni bomba la maji lililofuliwa na fundi wa kijijini, na yako mengi ya hivyo, hakuna kipimo salama hata kidogo, hilo halikuwahi kuwa salama hata siku ya kwanza. Likikutwa ni la kale kweli na polisi wakaridhika, Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, waulizeni kama wanalitaka. Familia iombe picha.

*Shikamoo. Mume wangu amejiunga na klabu ya baruti nyeusi hapa Minneapolis. Kila Jumamosi anarudi ananuka mayai viza, anaosha mtutu kwenye sinki la jikoni kwa maji na sabuni ya vyombo, juzi nimemkuta anayeyusha risasi kwenye jiko langu. Anasema ndivyo inavyofanywa. Ni kweli?*
Mama wawili

Marahaba dada. Shemeji kwenye maji na sabuni yuko sahihi, kwenye sinki na jiko amekosea, tena sana.

Hiyo harufu ni salfa iliyomo kwenye baruti, haina shida, ikikaa nje itapotea. Na maji ndo dawa ya kweli, masizi ya baruti nyeusi ni chumvichumvi zinazovuta unyevu hewani, mtutu ukiachwa usiku kucha asubuhi una kutu. Ya uvuguvugu inatosha, yanayochemka yanaacha kutu nyepesi ya ghafla chuma kikikauka. Akimaliza apitishe vitambaa vikavu mpaka vitoke vikavu, halafu oili, na kesho yake apitishe kitambaa cheupe tena, kikitoka na wekundu hakumaliza kazi. Na maganda ayatumbukize kwenye maji ya sabuni siku hiyohiyo, yakilala na masizi yanaoza.

Lakini ndoo yake iwe nje au gereji. Ndani ya yale maji meusi kuna risasi, ile madini, na kwa watoto hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachohesabiwa kuwa salama. Kuyeyusha kufanyike nje kwenye upepo, kwa jiko na sufuria yake mwenyewe ambayo haitarudi jikoni milele, na tone la maji lisikaribie, likiingia kwenye risasi ya moto inalipuka usoni. Nguo za Jumamosi zifuliwe peke yake, mikono na uso kwa sabuni kabla hajambeba mtoto.

Wale wawili wapelekeni kwa daktari wapimwe damu, ni kipimo cha kawaida huko, hasa kama yule mdogo bado anatambaa. Na hilo jiko lifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni, siyo kwa ufagio, ufagio unarusha vumbi. Sufuria aliyotumia mpe akae nayo gereji, umnunulishe nyingine.